Nikijitambua, niliache jina langu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Tangu nianze uradi (dhikri na dua za kurudiarudia) wa usiku na mchana, naona yule "mwalimu", "mama fulani", binti wa ukoo fulani, si mimi. Majina hayo ni nguo za kuazima. Mama akiniita nikiwa juu ya msala wa kuswalia naumia, naona ananirudisha kwa mtu niliyemwacha. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Hilo la nguo za kuazima umeliona sawasawa. Siku ya maziko hakuna anayeuliza kama mwalimu kashaoshwa. Huulizwa, "Maiti tayari?"

Lakini usiharakishe kusema umeshamjua aliye ndani. Mtume ﷺ alipoulizwa kuhusu roho, jibu lililoteremka katika Suratul Israa, aya ya 85, ni kuwa roho ni katika mambo ya Mola, nasi hatukupewa ilimu ila kidogo. Na ule msemo "aliyeijua nafsi yake amemjua Mola wake", unaosomwa sana kama hadithi, Imam Nawawi, mwanachuoni wa hadithi, alisema haukuthibiti kwa Mtume. Tunachokijua kwa yakini ni kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra (umbile safi la asili), na kwamba waliomsahau Allah aliwasahaulisha nafsi zao (Al-Hashr, 19). Kwa hiyo wewe wa kweli ni mja. Na mja hutambulikana anapoitwa.

Hapo ndipo ninapokuhofia. "Mimi niliyeamka" nalo ni jina, tena zito kuliko ualimu, na nafsi hulivaa upesi.

Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kuna kisa cha Juraij, mchaji Mungu wa Bani Israil. Mama yake alimwita naye anaswali. Akasema moyoni, "Mola wangu, mama yangu na swala yangu!" Akaendelea kuswali. Mama akamwombea mabaya, dua ikapokelewa, ikamfika fitina kubwa kabla Allah hajamtakasa. Naye alikuwa ndani ya swala, binti yangu! Wewe uko kwenye uradi, ambao waweza kuukatiza na kuurudia.

Labeka tunayowafundisha mabinti zetu waitikie wakiitwa, imetokana na labbayka ileile ya mahujaji. Basi mama akiita, weka tasbihi juu ya msala, itika labeka, umsikilize haja yake mpaka imalizike. Uradi wako mrefu upeleke baada ya Isha, akishalala.

Wallahu a'lam.