Sanaa na uhandisi: uombe chuo gani?

Unapenda kuchora na fizikia imekukaa, hutaki kuacha kimojawapo. Basi anza na cheti: kitasomeka vipi? Product Design Engineering (uhandisi wa kubuni bidhaa) ya Glasgow, Uskochi, huendeshwa na Chuo Kikuu cha Glasgow pamoja na Glasgow School of Art. Mekanika na hesabu ni chuo kikuu, michoro na modeli ni studioni. Unatoka na shahada moja, ya uhandisi. Programu ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Brown na RISD (Rhode Island School of Design, chuo cha sanaa na usanifu), Marekani, ni miaka 5, shahada mbili, na lazima vyuo vyote viwili vikukubali.

Ukiomba, RISD hutaka uwaonyeshe kazi zako za sanaa 12 hadi 20. Usijaze picha nadhifu tupu. Weka rasimu, hata modeli ya kadibodi iliyopasuka kwenye kiungo, kando yake ile uliyoiimarisha. Ukikusudia kusajiliwa Tanzania, waulize kwanza Bodi ya Usajili wa Wahandisi.