Kabla hujaingiza gemu darasani, amua nani atashika pedi ya kuchezea

Mjadala wa pleisteshen shuleni hauishi. Ukiutaja kwenye kikao cha wazazi, nusu yao wanakumbuka kibanda cha gemu cha mtaani kwao, pale hela ya kula ya mtoto inapoishia. Siwalaumu. Hata Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hii kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Upande wa pili wapo walimu wenzangu wanaoshabikia chochote chenye skrini, na hao hawachoki kukusimulia habari za Scotland.

Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2008 shule 32 za huko, wanafunzi zaidi ya 600, ziliingia kwenye jaribio. Baadhi ya madarasa yalianza siku kwa dakika 20 za hesabu za haraka na mafumbo kwenye Nintendo DS, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, kwa wiki tisa. Alama za hisabati zilipanda kote, ila waliocheza walipanda zaidi. Lakini kule kila mtoto alishika mashine yake, na mchezo wenyewe ulikuwa wa hesabu. Wewe una PS2 moja ya kuazima, pedi mbili, watoto sabini, na umeme wa LUKU unaosoma kuelekea sifuri.

Mimi nafundisha hisabati darasa la sita. Kwangu swali ni moja: wawili wakicheza, hao wengine wote wafanye nini? Ukiwapa pedi waliomaliza kazi mapema, watashika walewale kila wiki. Ukipiga kura, mvulana aliyekubuhu kibandani atamfunga msichana nane bila, na somo limekufa hapo.

Dawa yake ni kutompa mtu yeyote. Tumia gemu la mpira. Pale pa kuchagua upande, acha alama ya pedi katikati, usiisogeze kushoto wala kulia, na mashine itacheza yenyewe pande zote mbili. Mara ya kwanza watanung'unika. Baada ya goli la kwanza utaomba walimu wa jirani wakusamehe kwa kelele.

Weka dakika 4 kila nusu, mechi nzima dakika 8, ili kipindi cha dakika 40 kibaki na nafasi. Ikiisha, nakili takwimu ubaoni kisha zima runinga. Usiiache inawaka, hata picha iliyoganda itawavuta macho kuliko wewe.

Sasa ndipo kazi inaanza. Mashuti 12, yaliyolenga goli 5, ni asilimia ngapi? Umiliki wa mpira ni asilimia 55 kwa 45: katika zile dakika 8, timu ya kwanza ilikaa na mpira kwa muda gani? Jibu ni dakika 4.4, na wengi wataandika dakika 4 na sekunde 40. Ni dakika 4 na sekunde 24. Kwenye kitabu kosa hilo hupita kimya kimya. Hapa watabishana mpaka wakuelewe, maana kila mmoja ana timu yake. Swali ninalolipenda kuliko yote ni la saa: kwenye skrini zimepita dakika 90, ukutani 8. Sekunde moja yetu ni sekunde ngapi za mchezo? (Ni 11.25, na wapo watakaokataa.)

Mambo mawili nayakataa kabisa. Gemu lisiwe zawadi ya Ijumaa kwa walionyamaza. Na shule isichangishe wazazi kununua mashine wakati watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja.

Mkuu wa shule akikataa, usishindane naye. Chukua takwimu za mechi ya Simba na Yanga, ziandike ubaoni, na maswali ya asilimia yatakwenda vilevile. Utakalokosa ni lile la saa tu.