Chambo cha kusi: kwenu mnaoanza mshipi

Wanangu mnaotoka kuvua na mshipi, uzi wa ndoana, msimu huu wa upepo wa kusi, nawapenda, lakini chambo mnakiteketeza. Ngarawa haijatulia kwenye nanga, nusu ndoo ya dagaa imeshakwenda na maji. Haya, sikilizeni.

1. Jueni maji kwanza. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huku kwetu Pemba hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wake si wa mchezo. Dagaa mliowaponda mkawamwaga ubavuni hawatui chini yenu. Wanatua mbali nyuma ya tezi, mkiani mwa chombo, na changu wanawafuata huko huko. Mkibaki na ndoana tupu mnasema mwezi mbaya. Kusi nayo inazidisha tabu: upepo ukipingana na mkondo, chombo hulala upande, wala omo, mbele ya chombo, haielekei maji yanakotoka. Kwa hiyo msiitazame omo, tazameni mshipi. Teremsha chubwi, uzito wa mshipi, liguse chini, angalia mshipi unakimbilia wapi, kisha mwaga upande wa pili, kiganja kimoja tu, usubiri. Maji yakikaribia kusimama ndipo umwage karibu. Marehemu mjomba hakugusa ndoo mpaka mshipi umekaa kidoleni, kasikia chubwi linavyoburuta mchangani. Sisi watoto tulimsumbua, “Mjomba, bado?” Hakujibu. Kidole kikitulia, ndipo mkono unaingia ndooni.

2. Ngisi mkateni ukanda mwembamba, mumchome mara moja upande mmoja, ncha ya ndoana ibaki nje. Mkimkunjakunja kama tonge atazunguka kwenye mkondo na kuusokota mshipi wote. Samaki wadogo wakiwa wengi, wekeni mnofu wa pweza: ni mgumu, haumalizwi upesi kama dagaa.

3. Chambo kifunikwe gunia bichi, kivulini. Jua la kipupwe linawadanganya kwa sababu ya upepo. Ngisi anaharibika vile vile.

4. Tasi ni mla majani. Mtegeeni dema, mtego wa kusuka, lenye mwani, mwacheni ngisi kwa changu anayetafuta kaa na konokono chini. Na chewa mtieni kibua mzima, ila mshipi usitoke mkononi! Juzi kijana kauweka chini akoroge chai. Chewa akishameza hurudi pangoni, na mwamba unakata mshipi. Akigusa tu, mvute hapo hapo, umtoe mlangoni kabla hajageuka.