Jibu: Siku ya kumbukumbu ya marehemu Myahudi inahesabiwaje?

Pole kwa msiba, ndugu. Umeuliza kwa nini familia ya rafiki yako humkumbuka marehemu tarehe tofauti na ya cheti cha kifo. Wanafuata kalenda ya Kiyahudi, ambayo siku huanza jua linapozama, kwa hiyo ulizia saa aliyofariki, siyo tarehe tu. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, aliuawa usiku wa 4 Novemba 1995. Mchana ule ulikuwa tarehe 11 ya Heshvani, mwezi wa kalenda hiyo, lakini jua lilishazama, ndiyo maana hukumbukwa tarehe 12. Wengi huteleza hapo, wakawahi siku nzima.

Mtihani hasa ni mwezi wa Adari. Katika kila miaka 19, 7 ina Adari mbili. Kwa aliyefariki Adari ya mwaka wa kawaida, mwaka wenye Adari mbili, Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wengi hushika ya kwanza, Wasefardi (wenye asili ya Hispania na Ureno) ya pili. Muulizeni rabi (kiongozi wa dini) wao, msikisie.

Mshumaa wa kumbukumbu uwe wa kuwaka saa 24, uwashwe jioni ya kuamkia siku yenyewe. Ikiangukia Jumamosi, uwashwe Ijumaa kabla ya mishumaa ya Sabato, maana Sabato ikishaingia hawawashi moto. Kadishi, sala inayosomwa kwa ajili ya marehemu, huhitaji Wayahudi watu wazima 10 (kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wanaoshika sheria za kale, wanaume), basi waalikeni mapema.