Kununua kamera ya mbao: Tropical halisi na ile iliyochunwa ngozi

Mnunuzi mgeni hudhani ukongwe ndio bei. Ni kweli kamera ya Giroux, mtengenezaji wa Paris, muundo wa 1839, iliuzwa mnadani Vienna mwaka 2010 kwa euro 732,000. Lakini kamera za kukunja za Uingereza za miaka ya 1890 hadi 1910, kama Instantograph ya Lancaster au Ruby ya Thornton-Pickard, zilitengenezwa kwa wingi na bado zimejaa sokoni. Hizo zinafaa kujifunzia. Fedha kubwa iko kwenye kamera za mkononi ziitwazo Tropical, na huko ndiko watu wanakoumia.

Tropical zilikusudiwa nchi za joto na unyevu. Kamera ya kawaida ya mkononi ilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa kwa ngozi nyeusi. Katika hewa kama ya Mombasa au Zanzibar gundi huachia, ngozi huota ukungu na wadudu huitafuna. Kwa hiyo Sanderson Tropical, Soho Reflex Tropical na Deckrullo Tropical ya Contessa-Nettel ziliachwa mbao wazi, na viungo vikakazwa kwa shaba na skrubu, visitegemee gundi peke yake.

Sasa, kwa kuwa chini ya ngozi ya kamera ya kawaida mna mbao, wapo wanaoichuna, wakaipiga msasa na vanishi, wakaiuza kama Tropical. Nenda na tochi na kioo cha kukuzia. Mbao iliyokusudiwa kufichwa huwa na vichwa vya misumari, viraka, vipande vya rangi tofauti, na gundi iliyonasa kwenye nyuzi zake. Chunguza chini ya vipachiko, yaani bawaba, vishikizo na vyuma vingine vya nje: vilifungwa juu ya unene wa ngozi, kwa hiyo ikitoka hubaki mwanya mwembamba. Kisha tazama mvukuto, ule mfuko wa ngozi wenye mikunjo. Wa Tropical kwa kawaida ni mwekundu au wa kahawia. Mweusi ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Mvukuto wenyewe upime gizani: uvute wote, washa tochi ndani, funga nyuma, kagua pembe za mikunjo kwanza maana ndipo ngozi hupasuka. Tundu moja mbili zinazibika. Ngozi iliyokauka ikawa inavunjika inadai mvukuto mpya, na bei ishuke ipasavyo. Kioo cha kulengea, kile cha ukungu cha nyuma ya kamera, kikiwa kimevunjika kisikutishe, hubadilishwa kwa gharama ndogo. Vumbi jipya la unga kwenye tundu za milimita 1 au 2 ni jambo jingine: mbao inabunguliwa bado.

Ukishainunua, usiipige msasa wala usiing'arishe shaba. Juu ya shaba hiyo mna laka ya kiwandani. Ikitoka hairudi, na mkusanyaji mzoefu huliona hilo kabla hajaishika. Kitambaa kikavu na nta kidogo vinatosha.

Mwisho dai vibebeo vya sahani za kioo, zile zilizopigiwa picha badala ya filamu. Kila mtengenezaji alichonga vyake, hivyo cha kamera nyingine ya kipimo kilekile cha inchi 4¾ kwa 6½ huenda kisiingie. Seti kamili yenye namba zinazofuatana lipia zaidi bila kusita, kwani kuja kuitafuta kimoja kimoja baadaye ni kazi ya miaka.