Muulize Fundi Silaha: Baridi, baruti na risasi za kujaza mwenyewe

SWALI: Shikamoo Fundi. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na ninamiliki bastola ya 9mm kwa leseni. Mdogo wangu yuko Minnesota, Marekani, anajaza risasi zake mwenyewe nyumbani, jambo ambalo kwao linaruhusiwa. Risasi alizojaza Julai zilikuwa safi kabisa: kichwa cha greni 124 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na kronografu, ile mashine ya kupima mwendo wa risasi, ikasoma wastani wa futi 1,050 kwa sekunde. Januari kaenda nazo uwanjani, nje nyuzi 12 chini ya sifuri. Wastani umeshuka hadi futi 1,000 na maganda kadhaa yamekwama kwenye slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ukipiga, badala ya kuruka nje. Anataka aongeze baruti kidogo. Nimemwambia asubiri nikuulize wewe. Tena anakuja Desemba, ameahidi kuniletea boksi moja nijaribu. Je, baridi yetu ya Julai itazisumbua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kumzuia. Mpigie leo umwambie asiongeze baruti, hata sehemu ya kumi ya greni, mpaka ajue tatizo lilikuwa wapi.

Sababu ni hii. Baruti atakayoiongeza Januari itakuwemo ndani ya ganda hata Julai ikifika. Atazisahau kabatini, ama atampa mwenzake, na siku moja zitapigwa kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, mtutu nao umeshapata moto. Hapo ile nyongeza ndogo inageuka shinikizo kubwa. Kwa risasi ya 9mm, kiwango cha juu kinachokubalika Marekani ni paundi 35,000 kwa kila inchi ya mraba, na ganda lenyewe ni dogo, kwa hiyo badiliko dogo la baruti linapandisha shinikizo haraka kuliko mtu anavyodhani. Mimi nimeifanya kazi hii maisha yangu yote ya utumishi, na hakuna kinachonitia wasiwasi kama mtu anayetibu dalili kwa kuongeza baruti.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, tuliyonayo tangu Mfaransa Paul Vieille alipoitengeneza mwaka 1884, haiwaki kwa kasi moja siku zote. Ikianza ikiwa baridi, moto wa fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa ganda, unatumia sehemu ya nguvu yake kuipasha kwanza, kisha punje zinaungua polepole zaidi. Shinikizo linachelewa kupanda, kichwa kinatoka na mwendo mdogo. Ndiyo maana viwanda hupima risasi zao kwenye joto lililopangwa, kama nyuzi 21, na majeshi ya NATO huzipima pia kwenye nyuzi 54 chini ya sifuri na nyuzi 52 juu yake. Kati ya Julai na Januari ya Minnesota kuna tofauti ya nyuzi kama 40. Kupoteza futi 50 kwa tofauti hiyo ni jambo la kawaida kwa baruti nyingi. Ila ajue pia zipo baruti za bastola ambazo hazitikisiki na baridi, na zipo chache ambazo kwenye baridi mwendo unaongezeka. Kwa hiyo asimeze kanuni ya jumla kwamba baridi maana yake ni udhaifu. Kila baruti ina tabia yake, na kuijua ni kupima.

Lakini mwendo kushuka ni jambo moja na maganda kukwama ni jambo jingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaona mambo mawili yametokea siku moja wanayapa baba mmoja. Greni 124 kwa futi 1,000 bado ni risasi yenye teke la kutosha kusukuma slaidi za bastola nyingi za 9mm. Wapiga shabaha wa mashindano hutumia risasi za nguvu hiyohiyo kila wiki na bastola zao zinafanya kazi, ingawa baadhi yao wameweka springi laini. Muulize mdogo wako springi yake ni ya aina gani. Muulize pia alipaka nini kwenye reli za slaidi. Kama ni grisi nzito, basi kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri imeganda kama samli, na slaidi inarudi nusu safari. Ganda linatoka chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, halipati muda wa kurushwa, linabanwa limesimama wima kwenye dirisha la slaidi la kutolea maganda. Ukiliona limesimama hivyo, fikiria kwanza slaidi iliyokwenda polepole.

Halafu mikono. Mtu mwenye glavu nene na vidole vilivyokufa ganzi hashiki bastola kwa uthabiti. Kiganja kikilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi inakosa mahali pa kuegemea ili ikamilishe kazi yake. Kasoro hiyo haitatibiwa kwa baruti.

Na kronografu yenyewe je? Kama ni ile ya macho, yenye vihisio viwili vinavyoona kivuli cha risasi ikipita juu yake, jua la chini la majira ya baridi na mng'ao wa theluji vinaweza kuichanganya. Betri nazo hulegea kwenye baridi. Aziweke mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya mwisho, na aanze kwa kupiga risasi chache za kiwandani ambazo mwendo wake anaujua. Hizo za kiwandani zikisoma chini kupita kiasi, shaka iangukie mashine kwanza.

Jaribio ninalomshauri ni hili. Achukue risasi za boksi moja, baruti ya kopo moja, fataki za aina moja. Azigawe mafungu mawili. Fungu moja aliache nje kwenye baridi saa nzima, na kipimajoto akiweke ndani ya boksi pamoja nazo, maana kinachohesabika ni joto la risasi. Joto la hewa linaweza kuwa tofauti kabisa. Fungu la pili alitunze mfukoni karibu na mwili. Kisha apige kwa kupokezana, moja ya baridi, moja ya vuguvugu, kutoka bastola ileile, kwa zamu hadi zifike kumi kumi. Risasi asiiache chemba akipiga soga, kwa sababu mtutu ukishapata moto unaipasha ndani ya muda mfupi na kipimo kinaharibika. Akimaliza aandike wastani wa kila fungu, na pia aandike iliyokwenda kasi kuliko zote na iliyokwenda polepole kuliko zote. Pengo hilo kati ya ya juu na ya chini linaeleza mengi. Wastani ukishuka lakini pengo likabaki dogo, baruti inawaka vizuri, imepoa tu. Pengo likipanuka sana, moto wa fataki haushiki sawasawa kila mara, na hilo ni la kushughulikia kwa kufuata kitabu cha mtengeneza baruti, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia kiwango cha chini. Hata kubadilisha aina ya fataki peke yake kunabadilisha shinikizo. Anayebadilisha anaanza upya kutoka chini.

Akishamaliza hilo, ndipo asafishe bastola, aondoe grisi, apake oili nyepesi kiasi kidogo tu, avue glavu, na arudie. Maganda yakianza kuruka, jibu amelipata bila kugusa baruti.

Kuna jambo jingine la ndani ya ganda, hasa kwa wenye rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, inayotumia risasi ya .38 Special. Ganda lile lilianza mwaka 1898, enzi za baruti nyeusi iliyokuwa inalijaza. Baruti ya sasa ni kidogo, inalala chini na kuacha nafasi tupu. Ukiinua mtutu juu kisha ukaushusha taratibu, baruti inarudi nyuma kwenye fataki na mwendo unapanda. Ukianza na mtutu chini, baruti inakwenda mbele na mwendo unashuka. Tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko ile ya baridi, na mtu akailaumu hali ya hewa bure. Anayepima rivolva lazima ainue na kushusha mkono kwa namna moja kila mara, na mtutu usitoke upande wa tuta, ule udongo wa kuzuia risasi uwanjani.

Kama mdogo wako anashindana, futi 50 zile zina maana nyingine. Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha kwa vitendo, uzito wa kichwa kwa greni huzidishwa na mwendo kwa futi, ukagawanya kwa 1,000, na jibu lisipungue 125. Risasi zake za Julai: 124 mara 1,050 ni 130.2, amepita. Za Januari: 124 mara 1,000 ni 124, amefeli, na alama za mashindano nzima zinakwenda. Anayejaza kwa ajili ya mashindano ya baridi anatafuta baruti tulivu zaidi, au anachukua kichwa kizito zaidi kwa kipimo cha kitabu.

La hatari kuliko yote nimelibakiza hapa kwa makusudi, ulisome polepole. Siku ya baridi, akisikia mlio hafifu, "puf" badala ya mshindo, na mkono usisikie teke, asimame hapohapo. Asivute slaidi na kuendelea. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu, na risasi ya pili nyuma yake itapasua mtutu usoni kwake. Aelekeze tutani, aondoe magazini, afungue chemba, ahakikishe haina kitu, kisha aangalie mtutu kuanzia upande wa chemba, au apitishe fimbo ya kusafishia. Na pale pini ikigonga isilie kitu kabisa, ashikilie bastola imeelekea tutani kwa sekunde 30 nzima bila kuifungua, kwa sababu fataki iliyopoa inaweza kuchelewa ndipo ikalipuka.

Sasa kwako wewe. Baridi ya Dodoma ya Juni na Julai, yenye upepo unaotutoa machozi alfajiri, mara nyingi hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana inarudi 26. Risasi yoyote nzuri haitaiona. Adui wa bastola hapa kwetu ni vumbi, na vumbi linapenda oili nyingi. Nimefungua bastola za watu wa Kizota na Ipagala ambazo reli zake zilikuwa na tope jekundu zito, mwenyewe akilia kwamba risasi ni mbovu. Pangusa, paka tone moja moja, inatosha.

Na hilo boksi la Desemba, hapana. Kuingiza risasi nchini bila kibali ni kosa la jinai, awe ndugu, awe nani. Hata kama sheria ingeruhusu, mimi sipigi risasi aliyoijaza mtu mwingine, na sitaki mwanangu uipige. Yeye aliijaza kwa mtutu wake, na wako ni mwingine.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kama Mmarekani anajaza risasi nyumbani, sisi tunakatazwa na nini? Vifaa naviona vinauzwa mtandaoni. — Msomaji, Kondoa

JIBU: Nzuri, asante. Tunakatazwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na kujaza ganda upya ni kutengeneza risasi. Leseni yako ya kumiliki inakupa bastola na idadi ya risasi uliyoidhinishiwa, basi. Usiagize kifaa hata kimoja.

SWALI: Shikamoo baba. Mume wangu alisahau boksi la risasi kwenye gari, likakaa juani Oktoba nzima. Naogopa hata kuligusa. Je, zitalipuka? — Mama wa Mpwapwa

JIBU: Marahaba mama. Hazitalipuka zenyewe kwa joto la gari, usiogope kwa hilo. Ila gari lililofungwa kwenye jua la Oktoba hupita nyuzi 50 ndani, na joto hilo likirudiwa siku nyingi linaozesha baruti taratibu. Risasi ikipigwa bado ina moto wa gari, shinikizo nalo linakuwa juu kuliko lilivyokusudiwa. Kwa hiyo zisipigwe.

Yeye mwenyewe, mwenye leseni, azitoe na aziangalie kivulini. Akiona kutu ya kijani kwenye maganda, nyufa shingoni mwa ganda, au akisikia harufu kali ya asidi, baruti imeanza kuharibika. Hata asipoona dalili, asizifungue kwa koleo wala asizitupe shimoni au motoni. Azipeleke kituo cha polisi alikosajili silaha, aeleze zilivyokaa, apewe maandishi ya kuzipokea, na idadi irekebishwe kwenye kumbukumbu zake. Na gari siyo mahali pa kuhifadhi risasi hata kwa usiku mmoja. Sheria inamtaka azifungie mahali salama ambapo mtoto wala mwizi hafiki. Kama nyumbani hamna sanduku la chuma lenye kufuli, linunuliwe kabla hajachukua risasi nyingine.