Posa ikija, usiifiche sonona ya ukoo wenu

Hapa Lamu, kabla posa haijajibiwa, ukoo hupelelezwa. Mpwa wangu alipoposwa, upande wa pili walisita waliposikia habari za khalati yangu, dada wa mama. Wakubwa wa kwetu wakataka tukanushe. Mimi nilikataa, na nakushauri nawe usikanushe.

Khalati alikuwa fundi wa kofia za vito. Alipougua, kofia ilibaki nusu pale kitandani, sindano imechomekwa, miezi hakuigusa. Chakula hataki, usingizi hapati, wanawe wakimsemesha hajibu. Watu wakasema jicho. Ilikuwa sonona, maradhi ya huzuni nzito, na nyanya yetu naye iliwahi kumpata baada ya kujifungua.

Je, hurithiwa? Kwa kiasi, ndiyo. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye sonona, hatari yake ni mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Uchambuzi wa tafiti za mapacha wa mwaka 2000 ulikadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 37. Tafadhali isome vizuri namba hiyo, maana wengi huigeuza silaha ya kuvunjia posa. Haisemi kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi 37 kati ya 100 za kuugua. Inahusu tofauti zilizopo baina ya watu katika jamii: kiasi hicho chatokana na urithi, kilichobaki ni maisha, kama vile kufiwa, mateso ya utotoni, au maradhi ya muda mrefu.

Wala hakuna jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, ya kulaumiwa. Mwaka 2003 jeni moja inayohusu serotonini, kemikali ya ubongo, ilivuma sana ikihusishwa na sonona. Utafiti mkubwa wa 2019 haukuona ushahidi wa kuiunga mkono. Mwaka huo huo, uchambuzi wa watu zaidi ya 800,000 ulipata tofauti 102 za kijeni, kila moja ikiongeza hatari kidogo mno, na waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kipimo cha mate cha kubashiri sonona, usimpe pesa zako.

Habari za ukoo zina faida kubwa kuliko kipimo hicho. Binti wa nyumba yenu akijifungua, mwangalieni ndani ya arubaini na hata baada yake. Huzuni, au kutopendezwa na chochote, ikidumu wiki mbili karibu kila siku, mpelekeni hospitali. Kisomo kiendelee, lakini kisichukue nafasi ya daktari. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, asiziache ghafla. Akitaja kutaka kufa, msimwache peke yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Na mkifika kwa daktari, msitaje huzuni tu. Kama kuna jamaa aliyewahi kupandwa na furaha isiyo kifani, siku kadhaa halali wala hachoki, akitapanya pesa, semeni, kwa sababu hilo hubadilisha dawa atakayoandikiwa mgonjwa wenu.